Kubebwa na Kubeba Milimani Bwera

Niliondoka Singida nikiwa na miaka thelathini na sita, na sababu yangu haikuwa ya kishujaa. Kwa miaka kumi na miwili nilikata tiketi za mabasi stendi. Nikitoka kazini, simu zinaanza: dada anataka nimpeleke mtoto hospitali, shangazi ana kesi ya kiwanja, jirani anaomba nimsimamie fundi wake. Sina mke wala mtoto, kwa hiyo kila mtu aliniona nina nafasi. Sikuwachukia. Nilichoka tu. Nikajiwekea akiba kimyakimya, nikaomba likizo ya mwaka bila mshahara, nikanunua begi kubwa la mgongoni, kisha nikamwambia mama kwamba nakwenda kuizunguka dunia.

"Na nani?" akauliza.

"Peke yangu, mama."

Akanitazama. "Na nani?" akauliza tena, kama vile sikuwa nimejibu.

Wiki ya kwanza nilipita Mwanza, Bukoba na Mutukula, nikaingia Uganda. Mpango wangu ulikuwa kukaa Uganda mwezi mmoja, kupanda ndege Entebbe kwenda Uhindi, kisha kuendelea mashariki nchi baada ya nchi hadi nirudi nyumbani kwa upande wa pili. Tiketi ya Uhindi nilikuwa nayo tayari. Simu nilikuwa naiwasha mara moja tu kwa siku, na nakiri kwamba nilifurahia ule ukimya.

Kasese nilifika mchana, jua likiwaka hadi lami inang'aa. Nilipata chumba cha bei nafuu mtaa wa Nyamwamba, nikatoka kutafuta chakula. Nilipoagiza kwa Kiswahili, dada wa hotelini aliacha kufuta meza. "Wewe ni afande?" aliniuliza. Huko, watu wengi bado wanakihusisha Kiswahili na jeshi. Mwanamume mmoja mwenye kofia nyeupe, aliyekuwa anakula meza ya pili, alicheka hadi akaweka kijiko chini.

"Huyu si afande," alisema. "Afande anapiga kelele. Huyu anasema kama redio. Kuja hapa, ndugu yangu, kaa."

Ndivyo nilivyomfahamu Abdul. Alikuwa na Fuso moja, akinunua kahawa kwa wakulima wa milimani na kuipeleka Kasese. Aliponiuliza nasafiri na nani, nikamwambia niko peke yangu, naye alitikisa kichwa kama mama yangu.

Jumanne alfajiri aliniita nipande gari lake twende Bwera, kwa kuwa Jumanne ni siku ya soko la mpakani. Barabara inapita katikati ya mbuga. Tembo mmoja alikuwa amesimama katikati ya lami, ameigeuzia Kongo uso. Abdul alizima injini, akatoa chupa ya chai, akanimiminia. Tulikaa karibu nusu saa. "Iko na siku yake," alisema, "na sisi iko na chai."

Saa mbili asubuhi tulikuwa sokoni. Ng'ambo ya daraja ni Kongo, na watu walikuwa wanavuka na vitenge, mawese, samaki wakavu na kuku waliofungwa miguu. Kiswahili kilichokuwa kinasemwa pale kilinifanya nisimame kusikiliza. Nilikielewa, lakini kilikuwa kimevaa nguo nyingine.

Mkulima aliyemletea Abdul kahawa siku ile alikuwa mama wa makamo aliyebeba gunia la kahawa mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso, kama wanawake wa huko wanavyobeba. Jina lake Biira. Aliniangalia juu hadi chini.

"Kwa baba yako, weye uko mutoto wa ngapi?"

"Wa pili, mama. Kati ya wavulana, wa pili."

"Basi weye Bwambale. Kwetu, kijana wa pili iko Bwambale. Miye niko binti wa pili, njo maana naitwa Biira." Akageuka kwa Abdul. "Huyu Bwambale atakuja kuona mulima?"

Nilikwenda. Tulipanda kwa miguu kwa muda wa saa tatu kutoka Bwera hadi kwake, kwenye njia nyembamba ambayo hata pikipiki haifiki. Nyumba yake ilikuwa ukingoni mwa shamba la kahawa na migomba, na alikuwa akiishi peke yake tangu mumewe afariki. Alinipa chumba cha mbele, ambacho ukutani kulikuwa na kalenda ya kanisa, na akanilisha muhogo na samaki hadi nikaomba msamaha.

Siku ya tatu asubuhi, mvua ilipokatika, nilitaka kupanda juu zaidi nikaione theluji ya Rwenzori. Biira alisema nimngojee jirani anisindikize. Nikamwambia hapana, nimezoea kutembea mwenyewe. Robo saa baadaye niliteleza kwenye udongo mwekundu kati ya mikahawa, mguu wa kushoto ukajikunja chini yangu, nikasikia sauti kama ya kijiti kinachovunjika. Nilijaribu kusimama mara mbili. Mara ya tatu sikujaribu. Nilikaa pale kwenye tope, theluji haikuonekana kwa ukungu, na kwa mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani nilitamani simu ilie.

Biira ndiye aliyenikuta. Alipanda kwenye jiwe akapaza sauti kuelekea bondeni, na kutoka huko ikajibu firimbi.

Watu walianza kutokea mashambani, wengine bado wana mapanga na majembe mikononi. Nikahesabu kumi, kisha kumi na tano. Walileta machela ya mianzi iliyosukwa kama kikapu kirefu, yenye miti miwili ya kubebea. Mwenye firimbi aliitwa Kule, mwanajeshi mstaafu, mfupi, mwenye sweta lililotoboka viwikoni. Wote walimwita afande, nusu kwa heshima na nusu kwa utani.

"Lala!" aliniamuru. "Mikono ndani! Usisaidie!"

"Naweza kutembea nikishikwa bega," nilisema.

"Nimesema usisaidie!"

Walinibeba kwa muda wa saa tatu. Wanne wanabeba, wengine wanatangulia au kufuata, na Kule akisema "Badili!" bega moja linatoka na jingine linaingia bila machela kutua. Mimi nilikuwa natazama mbingu na migomba inayopita. Aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko maumivu. Nilikuwa mzito, nilikuwa mgeni, na hapakuwa na hata mmoja niliyemjua jina isipokuwa wawili.

"Huyu mutu wa Tanzania," alisema mmoja wa waliokuwa mbele, akihema, "kwao banamulisha nini?"

Wakacheka wote. Mimi pia nikacheka, na machozi yakanitoka, nikajifanya ni jasho.

Hospitali ya Bwera walipiga picha ya mguu. Mfupa ulikuwa mzima, kano ndizo zilizochanika. Nilifungwa bendeji nikaambiwa nipumzike wiki mbili na nusu. Nilipotoka nje kuwashukuru wabebaji, walikuwa wameshaondoka kurudi mashambani. Alikuwa amebaki Biira peke yake, amekaa kwenye benchi na begi langu mapajani. Nikamuuliza ninawezaje kuwalipa watu wale.

"Haiko kitu ya kulipa," alisema. "Kila nyumba inatoa mutu. Kesho iko mwingine."

Kasese nilirudi kwa Fuso, na nikauguzwa nyumbani kwa Abdul. Mkewe, Hadija, alinikanda mguu kwa maji ya moto na chumvi, akinikaripia kila nilipojaribu kuukanyaga. Nilimenya ndizi, nikawafundisha watoto hesabu, nikajifunza kulala mchana. Zikabaki siku mbili kabla ya ndege yangu. Mguu ulikuwa unauma kidogo tu, nikaona si vizuri kuondoka bila kuaga, nikanunua sukari na sabuni, nikapanda tena kwa Biira polepole, nikitumia fimbo.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Nitalala kwa Biira, nitashuka alfajiri, nitapanda basi la saa sita mchana kutoka Bwera kwenda Kampala, na asubuhi inayofuata nitakuwa Entebbe.

Alfajiri nilikuwa nafunga kamba za begi niliposikia firimbi. Biira alikuwa tayari mlangoni, amejifunga kitenge kiunoni. Kule alipita uani na watu sita nyuma yake.

"Mama muzee Kabugho," alimwambia Biira. "Tumbo. Tangu jana hawezi kusimama." Alinyoosha mkono kuonyesha juu, ng'ambo ya kilima, upande ambao si wa Bwera. Kisha akaniona. "Weye enda na safari yako. Mguu yako haiko muzuri."

Hakuna aliyenilaumu kwa macho. Biira mwenyewe aliniambia, "Enda, Bwambale. Ndege haingojee mutu."

Ningependa kusema nilifikiri jambo kubwa. Sikufikiri. Nilisimama na kamba ya begi mkononi nikiwahesabu: na Kule walikuwa saba, na wengine walikuwa mbali, sokoni au mashamba ya bondeni. Nikaliacha begi mlangoni nikawafuata.

Ilichukua zaidi ya saa moja kufika. Bibi Kabugho alikuwa mdogo kama rundo la mablanketi. Njiani kote alikuwa akisema kitu kwa Lhukonzo, lugha ya huko, sauti ndogo isiyokatika, na nilipomuuliza Biira anasema nini, alinijibu, "Anaomba samahani. Anasema iko muzito."

Kule aliniweka nyuma, upande wa kushoto, penye tambarare tu. Lakini watu walikuwa wachache, na tulipofika kwenye kijito ilibidi niwe chini ya mti wa machela. Maji yalikuwa ya baridi hadi magotini. Katikati ya kijito mguu wangu wa kushoto ulikataa. Nilihisi unakwenda, na machela ikainama upande wangu, na bibi akanyamaza.

"Nyuma! Simama!" Kule alipiga kelele.

Sijui nilisimamaje. Najua kwamba kuna mkono ulinishika mshipi kwa nyuma ukaniinua, na mkono huo ulikuwa wa Biira, aliyekuwa ameingia majini na kitenge chake. Tulivuka. Bibi akaanza tena kuomba samahani, na sauti yake ilinifurahisha kuliko kitu chochote nilichokuwa nimekisikia safarini.

Saa nane mchana tulimfikisha hospitali. Basi langu lilikuwa limeondoka saa mbili zilizopita. Bibi alifanyiwa upasuaji jioni ile, na asubuhi, wakati ndege yangu inaruka Entebbe, mimi nilikuwa nje ya wodi na mguu uliovimba, nikiambiwa kwamba bibi ameamka na anaomba uji.

Pesa ya tiketi ile haikurudishwa. Nilifanya kazi na Abdul wiki sita, nikipima kahawa na kupakia magunia, na alikuwa akinitambulisha kwa wateja wake kama "redio yangu". Nilipompigia mama kumweleza, aliuliza swali moja tu: yule bibi alikula uji?

Mwezi wa tatu wa safari yangu nikaondoka hatimaye. Nilifika Uhindi, Malesia, Ufilipino, Fiji, nikavuka bahari kubwa hadi Ekuado, na kurudi kwa kupitia Uturuki. Nilipunguza nchi mbili. Niliona mengi ambayo nitayaeleza siku nyingine kwa anayetaka: treni zenye watu mlangoni, visiwa ambavyo ukisimama katikati unaona bahari pande zote, jiji lililo juu ya mawingu. Nililala kwenye vyumba vya watu wanane ambao asubuhi hawakumbuki sura yako. Nilikuwa nimeyatafuta hayo, nikayapata, na mengi yalikuwa mazuri.

Mwisho wa mwaka nilishuka Entebbe. Badala ya kuelekea Mutukula, nilipanda basi la Kasese. Abdul alikuwa amenunua Fuso la pili. Siku ya soko nilipanda mlima na Biira, safari hii nikibeba gunia lake tupu na sukari. Alinieleza habari za mwaka mzima: kahawa, mvua, harusi ya jirani. Tulipofika kwenye kijito alisimama.

"Mama Kabugho alikufa," alisema. "Miezi mbili imepita. Alilala tu, hakuumwa. Tulimubeba mpaka kwa kaburi."

Nikampa pole. Akaniangalia, akatikisa kichwa, kana kwamba nimeelewa nusu tu.

"Kule alipanga batu," alisema. "Mbele babili, nyuma mumoja. Akaita: Bwambale iko wapi? Tukamwambia Bwambale ameenda dunia. Akangojea kidogo. Halafu akaweka mutu mwingine."

Tukavuka maji. Nilikuwa nimeondoka nyumbani kutafuta mwaka mmoja ambao hakuna mtu atakayeniita, na katika nchi zote nilizopita niliupata. Nilichojifunza nilijifunza pale, na viatu vikiwa vimelowa: kwamba kilichonichosha Singida kilikuwa ndicho kile kile kilichofanya watu wasimame na machela kabla ya kwenda kaburini, wakiningojea kidogo.

Jioni ile, kabla sijala, niliiwasha simu nikampigia dada yangu, nikamuuliza mtoto anaendeleaje.