Mkato Anunua Redio Yenye Ramani

Jirani yangu tulimwita Mkato kwa sababu hakuna njia ya mkato ambayo hakuijua. Aliendesha teksi miaka thelathini na moja, na ukimwambia barabara kuu imefungwa alikuwa anacheka tu, anakata kona nyuma ya kiwanda cha matofali, mara mmefika. Teksi aliiacha, lakini gari lile la kijivu bado analo, na kazi imebaki moja: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anampeleka dada yake mkubwa hospitali kusafishwa damu. Figo za dada zimechoka. Na pale ukichelewa, mashine anapewa mwingine.

Jumamosi moja asubuhi alinikuta barazani napiga viatu brashi.

"Jirani, nisindikize nikanunue redio ya gari. Ile yenye ramani."

Nikaangua kicheko. "Wewe? Ramani si ndiyo ingekuja kukuuliza wewe?"

Hakucheka. Aliviangalia viatu vyangu mpaka nikadhani vina tope. Ndipo akaniambia kwamba jana yake, akienda kumchukua dada, alifika njia panda ya posta, pale alipopita mara zisizo na hesabu, akawa hajui hospitali iko upande gani. Akazunguka saa nzima na nusu. Alimkuta dada kwenye benchi la nje, amejikunyata, hana nguvu hata ya kugomba. Akamdanganya kwamba tairi limepasuka.

"Akijua ataogopa kupanda," alisema. "Na asipopanda na mimi, atapanda na nani? Wanawe wote wako mbali."

Nikavaa viatu, kimoja kinang'aa na kimoja bado.

Duka lilikuwa jembamba, redio zimepangwa ukutani zote zinawaka, kila moja na wimbo wake. Muuzaji, bwana mnene mwenye sauti ya mnadani, akatukamata mlangoni.

"Mzee wangu, hii ina kamera ya nyuma, inapokea simu, na sinema unaangalia humo humo!"

"Sinema huku naendesha? Umetumwa?" Mkato akauliza. "Mimi nataka ramani. Inaongea?"

"Kiswahili safi! Sauti ya mama mwenye adabu zake."

"Na nikikosea kona?"

"Hakusemi. Anakutafutia njia nyingine, kimya kimya."

"Basi huyo kamshinda marehemu mke wangu."

Muuzaji alicheka mpaka akajishika kiuno. Mimi niliangalia mkono wa Mkato. Ulikuwa umeng'ang'ania kona ya meza kama wa mtu aliye kwenye gari lililokatika breki.

Fundi wa kuifunga alikuwa mama mmoja mwenye kibanda nyuma ya duka, bisibisi kaichomeka kwenye kilemba. Aling'oa redio ya zamani, akaona tundu ni dogo, akalipanua kwa msumeno mdogo. Mkato alizunguka gari kama mume aliyeambiwa asubiri nje ya chumba cha kujifungulia.

"Huu waya wa njano kazi yake nini?"

"Wa kumbukumbu, baba. Hata ukizima gari, huu hauzimiki. Ukiungwa vibaya, kila ukizima gari, mashine inasahau yote."

"Ikisahau inafanywaje?"

"Unauunga upya."

Mkato akaguna. Kisha akauliza, polepole, "Na kama waya wenyewe umechakaa?"

Yule mama akainua kichwa, akamtazama, kisha akaukaza ule waya wa njano.

Kioo kilipowaka, fundi akauliza, "Haya, nyumbani ni wapi?"

"Ukiteremka kutoka kwa mshona magodoro, nyumba ya pili baada ya ile iliyopakwa rangi nusu."

"Baba, hii haimjui mshona magodoro. Inataka jina la mtaa."

Tukatazamana. Mtaa wetu una jina, limeandikwa huko kwenye makaratasi ya halmashauri, lakini nani aliwahi kulitumia? Fundi akacheka, akasema basi twende tu, tukisimama mahali penyewe atabonyeza, mashine itapashika. Akakaa mbele, mimi nyuma. Nyumbani pakashikwa.

"Sasa hospitali. Twende, baba, wewe ndiye mwenye njia."

Pale posta Mkato akawasha indiketa ya kulia, akaizima, akawasha ya kushoto. Nyuma yetu honi zikalia.

"Kulia, baba," fundi akasema, kwa sauti ile ile aliyoelezea waya.

Hospitali nayo ikashikwa. Tulipomrudisha fundi kibandani alinivuta pembeni. "Huyu mzee asiende peke yake."

Kwa hiyo Jumatatu nilikuwamo. Dada alikaa mbele, mkoba mapajani.

"Ni mwanamke gani huyu anaongea humu?"

"Anatuonyesha njia, dada."

"Tangu lini wewe ukaonyeshwa?"

Kwenye njia panda ya posta, sauti ikasema tugeuke kulia. Mkato akasimamisha gari.

"Anadanganya. Ni kushoto." Alisema kwa uhakika kabisa, jasho linamtiririka shingoni. Nikafungua mdomo. Dada akainua kidole bila kugeuka, nikaufunga.

Kisha Mkato akakata usukani kulia, uso umemkauka.

"Hii barabara siijui," alisema. Tukapita kiwanda cha matofali. "Siijui kabisa."

Geti la hospitali likatokea. Sauti ikasema tumefika. Mkato akazima gari, hakushuka.

"Dada, Ijumaa tairi halikupasuka."

"Najua. Niliyaangalia yote manne, vumbi lile lile."

"Na leo ukapanda?"

"Nilitaka kuona kama utamsikiliza mtu. Lete funguo."

Akazitia mkobani. Dirishani kwa karani alitoa kadi yake, halafu akamshika ndugu yake mkono wa shati kama anayemvusha barabara.

"Mimi naenda kwenye mashine yangu. Na huyu mwandikie amwone daktari. Anasahau."

Karani akachukua kadi mpya. "Jina?"

Mkato akavua kofia. Akayataja majina yake yote matatu, moja baada ya jingine, bila kukosea.