Aliyenifuata Hadi Ukingoni

Usiku ule nililala na wivu kama mtu anavyolala na jino bovu. Binamu yangu Barasa alikuwa ametembelewa tena. Babu yetu, Kuka Makokha, aliyewaongoza wageni Mlima Elgon mpaka kila jiwe la huko likayajua magoti yake, alifariki mwaka jana, na tangu hapo haachi kumjia Barasa ndotoni. Alimjia mke wa Barasa pia. Akamjia hata mama mkwe wa Barasa, ambaye hawakuwahi kuonana Kuka akiwa hai. Mimi je? Mimi niliyembebea fimbo na chupa ya chai tangu nikiwa na kimo cha kuku, sikuota hata kofia yake.

Na halikuwa jambo la mchezo. Kwetu Wabukusu, mtoto mchanga akilia bila kuugua, anatafuta jina. Marehemu anayetaka kurudi humjia mtu ndotoni, na jina lake likitajwa mtoto hunyamaza. Mwanangu wa kwanza alikuwa akilia mpaka ng'ombe wa jirani wakakataa kutoa maziwa. Lakini kwa Barasa pia kulikuwa na kichanga, na wazee wa familia walishasema Jumamosi watakaa kwake wampe mtoto wake jina la Kuka. Na jina la mzee, katika familia yetu, halikatwi vipande viwili. Barasa mwenyewe alinipigia simu kunialika. Akaniambia nisikate tamaa, labda mimi nitaletewa shangazi, na nikamsikia mkewe akicheka kwa nyuma.

Barasa anachaji simu za watu sokoni. Akipanda ngazi ya darini anafumba macho. Mimi ndiye ninayeijua njia ya Kuka, msitu hadi ukingo, hata nikiwa usingizini. Nina cheti cha ngumbaru, na hesabu niliijua kuliko mwalimu aliyenifundisha, lakini hesabu hii ya Kuka ilinishinda. Basi nikala ugali na maharagwe ya kutosha harusi nzima, maana tumbo zito huleta ndoto, nikajifunika koti la marehemu, nikafumba macho kwa nguvu.

Nikawa msituni. Sikumbuki kufika. Miti ya podo ilikuwa imesimama na ndevu zake za kuvu, ukungu unapita katikati kama watu wanaowahi kanisani. Mbele yangu anatembea Kuka. Mgongo ule ule, fimbo ile ile. Nafurahi kwa muda wa pumzi moja tu, kwa sababu kando yake yuko Barasa. Ndani ya ndoto yangu mwenyewe, iliyolipiwa kwa maharagwe yangu, amekuja na Barasa.

Wameshikana mikono. Barasa amevaa malapa na anapanda kama mbuzi. Kuka anainama, anamwonyesha nyayo za ndovu waliokwenda pangoni kulamba chumvi. Hizo nyayo alinionyesha mimi. Namwita, na sauti inayonitoka ni ngurumo ya mbega. Hawageuki.

Tunaingia kwenye mianzi, na mianzi ni jikoni kwetu. Mke wangu Nafula anakoroga uji wala haniangalii. Natokea mlango wa nyuma, na nje kumeshakuwa kule juu, hakuna mti tena, ni nyasi zenye barafu na mimea mirefu ya lobelia iliyosimama mmoja mmoja kama walinzi waliosahauliwa. Nakimbia. Ni mwepesi ajabu. Mimi sijawahi kupanda mlima ule bila mzigo, lakini mgongoni sina kitu, wala sijiulizi mzigo uko wapi. Nyuma yangu nasikia kokoto zikivingirika, na mtu anahema. Sigeuki. Shughuli yangu iko mbele.

Kisha ardhi inaisha. Tuko ukingoni, na chini yetu shimo la volkano limefunguka, pana kuliko wilaya, mawingu yamelala ndani yake kama maziwa kwenye sufuria. Kuka anamkalisha Barasa juu ya lile jiwe nililokuwa nikikalia mimi. Hapo nalia. Namwambia Kuka yote, ya fimbo, ya chupa, ya asubuhi nilizotetemeka kwa baridi nikimngoja afunge kamba za viatu. Namuuliza Barasa ana nini nisichokuwa nacho.

Kuka anageuka hatimaye. Hanitazami mimi. Anatazama juu ya bega langu.

"Mimi nina wengi wa kuniita," anasema. "Mzigo wako, Simiyu, umebebwa na nani?"

Nageuka. Kijana anamalizia kupanda na mzigo wangu mgongoni, mshipi umemkaza paji la uso. Ni mdogo kuliko mimi. Amevaa sweta ya bluu, kiwiko kimoja kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Sura yake siijui; baba yangu alifariki nikiwa natambaa, hakuacha picha, na nyumbani jina lake halitajwi. Lakini masikio yale nayajua. Ni haya haya ninayochekwa nayo tangu shule.

Anautua mzigo. Hana hasira. Anawatazama Kuka na Barasa pale juu ya jiwe, na jicho lile nalijua pia, kwa maana nimelivaa majuma mazima. Baba yangu anaona wivu.

"Nimekufuata tangu chini," anasema. "Hukugeuka."

Mawingu yanapanda kutoka shimoni. Yameshamfika kiunoni.

"Mwanao ananililia mimi."

Nikaamka kumepambazuka, mtoto analia mikononi mwa Nafula kando ya jiko. Nikataja jina la baba, nililolijua kwa cheti changu tu: "Wanyonyi." Mtoto akasita. Nikasema tena. Akanyamaza, akapiga kwikwi moja, akabaki akinitazama. Nafula hakuthubutu hata kuhamisha mguu.

Mlangoni akasimama Mama. Aliuliza ni nani aliyenipa jina lile. Nikamsimulia. Akauliza alivaa nini. Nikamwambia kuhusu sweta, na uzi mwekundu wa kiwiko. Mama akatafuta kigoda kwa mkono, akaketi, akasema uzi wa bluu ulikuwa umemwishia.

Halafu akauliza kama baba alimuulizia yeye. Mimi ni mtu wa kumfanya panya ndovu. Majibu matamu mia yalikuwa tayari ulimini.

"Hapana, Mama. Hakuuliza."

Mama akanyoosha mikono, akamchukua mtoto kwa Nafula, akamwinua mpaka wakatazamana macho kwa macho.

"Wanyonyi," akamwambia. "Miaka yote hii nakungoja mimi, halafu unakwenda kwa Simiyu."