Alfajiri ya Nyamizi

Nakumbuka siku moja, mwanangu Rehema, siku ambayo mwanamke wa Kigogo alinivua nguo mbele ya waombolezaji wa bibi yangu, na mimi nikalazimika kucheka. Kanga zangu aliniachia. Alichokivua ni wivu niliokuwa nimeuficha mwaka mzima, nikidhani hakuna anayeuona.

Jana ulinipigia simu unalia. Umesema unataka kuacha chuo urudi Tabora, kwa sababu mwenzako wa chumbani anasoma kidogo anafaulu sana, na wewe unasoma mpaka macho yanawasha unaambulia C. Nilikuambia pole, nikakata simu, maana maharage yalikuwa yanaungua. Leo nina nafasi, nimekaa kukuandikia. Soma mpaka mwisho, na usiruke kwenda kuangalia picha za watu katikati. Nakujua. Mama yako mkubwa sijafika umri wa mkongojo, lakini mvi ninazo, na mkubwa ni jalala, huletewa takataka za kila aina. Haya na tuanze.

Nilipokuwa chuoni, kule Dar es Salaam, nilikuwa na rafiki anaitwa Nyamizi. Tulitoka mkoa mmoja, tulipanda treni moja, tukapangiwa chumba kimoja bwenini. Mimi mtoto wa Gongoni, Tabora mjini, binti wa fundi cherehani, Kiswahili changu hakina doa. Yeye alitoka kijijini huko Igunga, kwao wafugaji, na akizungumza unasikia Kisukuma kinachungulia mlangoni. Siku za mwanzo nilimwonea huruma. Nilimwonyesha mabomba yalipo, nikamwonyesha maktaba, nikamwambia asiwaogope watoto wa mjini. Matokeo ya muhula wa kwanza yakabandikwa ukutani. Jina lake lilikuwa juu kabisa. Langu ulilitafuta kwa kidole.

Roho iliniuma, mwanangu, sikufichi. Kama angekuwa mtoto wa waziri ningesema ndivyo walivyo. Lakini huyu! Huyu niliyemfundisha kufungua bomba! Nikaanza kuuonea wivu mwandiko wake. Nikauonea wivu usingizi wake, maana akigusa mto tu amelala, na mimi nahesabu mbao za dari. Mwalimu akimwita kwa jina darasani, nilihisi kama kuna mtu amenikanyaga kidole cha mguu. Na usoni nilikuwa nacheka naye, tunakula sahani moja, namwita dada. Kijicho kibaya zaidi ni kile kinachokula na wewe.

Basi nikaanza kumpeleleza. Niligundua kwamba Nyamizi huamka alfajiri, mimi nikiwa nimeshaswali na kurudi kulala, akaketi dirishani na daftari lake. Wengine tukienda kunywa chai, yeye ameshamaliza. Nikasema, kumbe siri ni hiyo! Nikaacha kulala baada ya swala. Akifungua daftari, na mimi nafungua. Akibadili kitabu, nanyoosha shingo nione ni kipi, nami nakitafuta hichohicho. Nilikuwa naijua ratiba ya Nyamizi kuliko niijuavyo yangu. Kilichokuwa ndani ya daftari langu mwenyewe sikukijua, kwa sababu macho yalikuwa kwake. Kufika darasani nasinzia, kichwa kinagonga meza, watu wananicheka.

Na hapo kuna jambo sijakuambia. Tangu shule ya msingi sikuwahi kusoma kimyakimya. Nilisomea barazani kwa marehemu baba, katikati ya kelele za vyerehani, kwa sauti kubwa. Baba alikuwa anashona huku ananisikiliza, na kila nikinyamaza anauliza, "Halafu?" Nikimwambia ndiyo mwisho, anasema, "Mbona sijaelewa? Nieleze vizuri." Baba aliishia darasa la nne. Basi nitaeleza, nitaeleza, mpaka aelewe, na yeye akielewa na mimi nimeelewa. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu. Nilipofika chuoni niliionea haya. Niliona ni usomaji wa kishamba, wa barazani, nikautupa ili nifuate alfajiri ya Nyamizi. Samahani kwa lugha, lakini waliosema ukimwiga tembo kunya utapasuka msamba, walinisema mimi.

Nilipasuka kwenye takwimu. Nikapata sapu, mtihani wa kurudia. Sheria ya kozi yetu ilikuwa moja: ukianguka na kwenye sapu, unarudi kwenu moja kwa moja. Na kwetu nani alikuwa amefika chuo kikuu kabla yangu? Hakuna. Baba alikuwa ameshamtangazia kila aliyeleta suruali kupunguzwa kwamba binti yake atakuwa mwalimu wa hisabati. Nikarudi Tabora likizo na mzigo huo, sikumwambia mtu. Kitabu cha takwimu sikukifungua. Nilichofanya ni kuzungumza. Nyamizi hivi, Nyamizi vile, Nyamizi anaamka alfajiri na mimi naamka naye, Nyamizi ana bahati, Nyamizi lazima ana dawa, wale watu wa Igunga huwajui. Nikichota maji ni Nyamizi, nikichambua mchele ni Nyamizi. Majirani walikuwa wananisikia.

Likizo hiyohiyo bibi yangu mzaa baba akafariki. Ikafika arobaini, tukasoma hitima, watu wakala, na watani wakaanza kazi yao. Unajua mambo ya utani wetu, lakini vijana wa leo mnauona kama vichekesho vya simu, ngoja nikukumbushe. Babu zetu Wanyamwezi walipokuwa wanabeba mizigo kwenda pwani walikatiza Ugogo. Wakagombania maji na Wagogo, wakapigana, na baadaye wakazikana. Kuanzia hapo Mgogo ana ruhusa ya kukusema lolote, hasa kwenye msiba wako, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna unatozwa kuku, na watu wanakushangaa.

Mtaani kwetu alikuwepo Mama Ndahani, Mgogo wa Dodoma aliyeolewa Gongoni. Siku hiyo alivaa gauni la bibi, akawa anagombeza kuku kwa sauti ya bibi hasa, mpaka baba aliyekuwa analia akawa analia na kucheka. Na mimi nilicheka. Nyamizi naye alikuwepo. Alipanda basi kutoka Igunga kuja kunihani, na alileta maziwa mgando aliyopewa na mama yake. Hebu fikiria! Hata wema wake niliuonea wivu, nikasema amekuja kujionyesha kwetu.

Ghafla Mama Ndahani akanyakua gazeti la mzee mmoja. Akaketi mkekani, akalifungua juu chini, akanyoosha shingo upande mpaka mishipa ikamtoka.

"Nyamizi yuko ukurasa gani?" akauliza. Sauti ilikuwa yangu, wallahi, ilikuwa yangu. "Nyamizi ameamka? Na mimi niamke! Nyamizi amekohoa? Jamani, nisije nikapitwa!" Akakohoa, akakohoa tena, akajipiga kifua.

Watu waliangua kicheko hadi wengine wakamwaga chai. Yeye akasimama, akanionyesha kidole mbele ya ukoo mzima.

"Wanyamwezi hawa! Babu zao walibeba pembe mpaka pwani, hawakuangusha hata moja. Mjukuu wao amepelekwa pwani na macho mawili tu, nayo ameyasahau kwenye daftari la mwenzake!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitaka kumrukia yule mama, lakini baba alikuwa ananiangalia, na mimi sikuwa na kuku wa kutozwa. Nikacheka kicheko cha meno matupu, nikachukua sahani nikaenda kuziosha uani, pasipo na mtu.

Nyamizi akanifuata. Bado alikuwa anajifuta machozi ya kucheka. Akachuchumaa karibu na beseni.

"Dada, kumbe kule bwenini ulikuwa unaamka kwa sababu yangu?"

"Mama Ndahani ni mtani tu," nikasema. "Usimsikilize."

"Mimi naamka kwa sababu ya ng'ombe," akasema. "Tangu nina akili zangu nakamua alfajiri. Kule chuoni macho yanafunguka yenyewe, na hakuna wa kumkamua. Nitafanya nini? Nasoma."

Sahani ilinitoka mkononi ikarudi kwenye maji. Mwaka mzima, mwanangu! Mwaka mzima nimejinyima usingizi, nimefeli, nimesema msichana wa watu ana dawa, na kumbe nilikuwa naiga ng'ombe! Nikacheka, safari hii kwa moyo, na machozi yakanitoka, na sijui mpaka leo yalikuwa ya nini.

"Una sapu ya takwimu," akasema taratibu.

"Nani kakuambia?"

"Yamebandikwa ukutani, dada. Tusome wote, nikae kwenu siku chache?"

Ulimi ulikuwa tayari kukataa. Kupokea msaada wa mtu unayemwonea wivu ni kama kumeza mfupa. Lakini mficha uchi hazai. Nikamwambia abaki, ila alfajiri asiniamshe.

Kesho yake tukaketi barazani kwa baba. Nyamizi akaanza kunieleza wastani na mtawanyo, vizuri, kama kitabu kinavyosema. Baba akasimamisha cherehani. "Halafu?" akauliza. Nyamizi akarudia. "Halafu? Mbona sijaelewa?" Nyamizi akaniangalia. Hakuzoea kusoma na mtu anayemuuliza. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi!

"Baba," nikamwambia, "ukipima viuno vya watoto wa darasa zima, ukatafuta wastani, ukashona sare zote kwa kipimo hicho kimoja, zitawakaa?"

"Wapi! Mwembamba zitamvuka, mnene atapasua."

"Basi kuujua wastani hakutoshi. Lazima ujue wametofautiana kiasi gani. Huo ndio mtawanyo."

Baba akatingisha kichwa akaendelea kushona, ameridhika. Nyamizi akainama akayaandika maneno yangu kwenye daftari lake. Maneno yangu! Tulisoma hivyo, yeye ananionyesha njia ya hesabu, mimi nampigia baba kelele mpaka aelewe, kidogo kila siku, bandu bandu huisha gogo. Nikarudi Dar es Salaam nikafanya ile sapu. Nikafaulu.

Sasa usije ukadhani ngano imeishia hapo na wote wakaishi raha mustarehe. Nyamizi alinipita tena, mwaka wa tatu, na hakuacha kunipita. Mimi nikawa mwalimu wa sekondari, yeye leo anafundisha chuo kikuu. Juzi alituma picha yake na joho jekundu la shahada ya uzamivu, na watu wanapiga makofi kwenye kundi letu la simu. Unajua nilihisi nini? Roho iliniuma, kama vile siku ile ya ukutani. Nikamwandikia hongera, tena kwa dhati, maana nampenda. Halafu nikaketi kusahihisha madaftari ya wanafunzi wangu huku bado inaniuma.

Hicho ndicho nilichotaka ukisikie, mwanangu. Wewe umekaa unasubiri wivu uishe ndipo ufungue kitabu. Unadhani wenye moyo wa kusoma hawana kijicho, na kwa kuwa wewe unacho, basi chuo si chako. Si kweli. Wangu haujaisha hata leo, na nilisoma nao, nikafanya mtihani nao, nikapata shahada nao. Wivu ni mgeni asiyeaga. Mwache akae hapo kitini, usimtilie chai, wewe endelea na kazi.

Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Kumbuka ni wapi na saa ngapi mambo yalikuwa yanakuingia kichwani kabla hujamjua huyo mwenzako. Wewe nilikuwa nakuona pale Itetemia kwa mama yako, unasoma huku unatembea uani, kuku wanakukimbia. Kwa nini sasa umejifungia kitandani na taa? Toka nje, tembea na kitabu chako. Ukimaliza ukurasa mtafute mtu umweleze, akikosa kuelewa jua na wewe hujaelewa. Soma kidogo leo, kidogo kesho, usingoje moyo upende, maana moyo hupenda baada ya mikono kuanza. Na pale unapokwama, mwulize huyohuyo anayekuumiza roho. Utaona uchungu. Mwulize hivyohivyo. Na kuhusu kurudi nyumbani, nyumba ipo na wali upo, lakini njoo likizo kama wenzako.

Mwenyezi Mungu akutulize moyo na akupe subira ya kukaa na kitabu chako. Akubariki kwa walimu wema na marafiki wanaokupita, maana hao watakusukuma. Ukifaulu, akuepushe na kiburi. Ukianguka, akupe mtani wa kukucheka mapema. Na wivu ukikuamsha kesho, mwanangu, amka nao, unawe uso, usome.