Mpini wa Kulthumu

Kulthumu alipoteza uwezo wa kusikia akiwa bado mtoto wa chuo cha Kurani. Homa ilimlaza wiki nyingi, na alipoinuka kitandani dunia yote ilikuwa imenyamaza. Mwanzoni alidhani watu wamemnunia. Aliona midomo ikicheza, akangoja sauti, sauti haikuja. Maneno aliyokuwa nayo aliendelea kuyasema, lakini kwa kuwa hakujisikia mwenyewe, yalizidi kupinda mdomoni mwake mwaka hadi mwaka. Watoto wa mtaa wakawa wanamwiga na kucheka. Akaacha kusema.

Kwao ni Rumonge, mji wa kando ya ziwa, mtaa wa Waswahili, nyuma ya soko. Mtu akimgeukia na kusema Kiswahili pole pole, aliweza kumsoma midomoni. Midomo ya Kirundi ilimshinda, maana homa ilimkuta hajakijua sawasawa.

Mwaka wa uhuru akaolewa na Uledi, fundi redio. Wapo waliosema Uledi amemwoa kwa huruma, na wapo waliosema amemwoa ili asiwe na wa kumgombeza.  Uledi alikuwa mtu wa maneno machache, aliyezoea kukaa na vitu visivyosema mpaka avitafutie njia. Haukupita muda mrefu wakawa wamejitengenezea lugha ya mikono, lugha ya watu wawili tu. Kidole gumba shavuni kilikuwa Mariyamu, mama yake Uledi, kwa sababu ya kovu lake. Ngumi mbili zikigongana zilikuwa ugomvi. Kiganja kilichopanguswa kwa kingine kilikuwa "basi, yameisha". Mariyamu aliwatazama wakipepeta mikono uani, akatikisa kichwa. Yeye hakujifunza hata alama moja.

Kabla ya uhuru Uledi alimsaidia Mzungu mmoja aliyetengeneza redio za meli pale bandarini. Mzungu alipofunga mizigo kurudi kwao Ubelgiji, alimwachia mashine moja nzito ya kupimia, yenye kioo cha duara kidogo kuliko sahani. Jina lake la Kifaransa ni osiloskopu, lakini mtaani iliitwa kioo cha Uledi. Ukiitia umeme, nukta ya kijani inawaka katikati ya kioo, na ukigusisha nyaya zake mahali penye hitilafu, nukta inaruka na kukuonyesha ugonjwa wa redio. Umeme aliupata kwa jirani yake Abdulhamid, mwenye mashine ya kusaga unga. Injini ya kinu ikizunguka, Abdulhamid alimruhusu avute waya mmoja mpaka kibandani kwake.

Siku moja Uledi alikuwa anacheza tu. Alichukua vifundo viwili vya redio mbovu, vile vya kuongezea na kupunguzia sauti, akaviunga kwenye mashine. Akizungusha cha kwanza, nukta ilikwenda kulia na kushoto. Akizungusha cha pili, ilipanda na kushuka. Akazungusha vyote kwa pamoja, na nukta ikapita kiooni ikiburuta mkia wa kijani nyuma yake. Alikimbia uani, akamshika Kulthumu mkono uliojaa unga wa muhogo, akamleta.

Kulthumu alikaa, akajaribu. Alitaka kuchora samaki, akapata ngazi iliyoanguka. Mkono mmoja ulijua kulia, mwingine ulijua juu, na kichwa kikachoka kuipatanisha. Akasukuma mashine kwa hasira, akamwonyesha Uledi kwa mikono: mtu ana mkono mmoja wa kuchorea, kwa nini unanipa miwili?

Uledi hakuwa amefikiria hivyo. Alifanya kazi majuma kadhaa, akaviunga vile vifundo chini ya fimbo moja inayoyumba kila upande, kama mchi uliosimama kinuni. Kulthumu akaijaribu tena. Alipoisukuma mbele, nukta ilishuka. Alipoivuta kwake, ilipanda. Akacheka, akagonga paji la uso, alama yao ya mtu mpumbavu. Uledi akageuza nyaya. Kisha Kulthumu akaona fimbo ni nyembamba, inateleza, akaenda kuchonga mwenyewe mpini wa mti laini, mnene chini na mwembamba juu, ulioingia kiganjani mwake barabara. Tangu siku hiyo mkono wake ukienda, nukta inakwenda. Hakukuwa tena na kitu cha kufikiria katikati.

Alichora samaki. Akachora nyumba, na mama mkwe wake na kovu lake. Halafu akaanza kusema. Mambo ambayo mikono haikuwa na alama yake aliyachora: ndoto, njia aliyopita utotoni, jinsi homa ilivyoanza kwa mlio mrefu masikioni ambao yeye aliuchora kama mstari unaotetemeka na kukatika. Uledi aliutazama mstari ule, akaelewa kitu ambacho mkewe hakuwahi kumweleza mtu.

Taabu ilikuwa moja. Mstari haukudumu. Nukta ilipita, mkia ukafifia, ukafa. Ulipofika kwenye mkia wa samaki, kichwa kilikuwa kimekwisha kupotea. Ilikulazimu ukumbuke mwenyewe ulichokwisha kuchora. Uledi alitaka kioo kikumbuke. Alibadili taa za ndani, akaongeza umeme, akaweka mafuta kiooni, akaweka karatasi ya nta. Miaka ikapita katika jambo hilo. Wateja walikuta redio zao zimefunguliwa na hazijafungwa, wakahamia kwa mafundi wengine. Mariyamu alilalamika kwa kila mtu kwamba mwanawe ameolewa na kioo.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Mustafa, alikuwa akija kukaa naye. Siku moja alirudi kutoka Bujumbura na gazeti la Kifaransa, akalifungua juu ya meza. Palikuwa na picha ya kijana wa Kizungu ameketi mbele ya kioo kikubwa, ameshika kalamu yenye waya, na kiooni pana michoro.

"Amerika," mwalimu alisema. "Anachora juu ya kioo kwa mwanga. Na mashine inashika mustari, haiupotezi. Ukitaka inaukuza, ukitaka inaugeuza."

"Mashine yenyewe iko wapi hapa?" Uledi aliuliza.

"Haionekani. Wanasema iko kubwa kama nyumba."

Uledi aliangalia picha muda mrefu. Kulthumu alimwona jinsi mabega yalivyoshuka. Mwalimu alimtia moyo, akamwambia ni fahari kuwaza jambo lile lile na watu wa mbali. Uledi aliitikia kwa adabu. Mwalimu alipoondoka, Kulthumu aliweka kidole juu ya mkono wa yule kijana pichani, akaonyesha kwa mikono: huyu ameinua mkono hewani, atachoka upesi, wetu unalala mezani. Alisema hivyo kumfariji, na lilikuwa kweli. Uledi alitabasamu kidogo. Lakini tangu siku ile aliacha kujaribu kukifanya kioo kikumbuke. Nyumba nzima ya mashine angeitoa wapi?

Mwalimu ndiye aliyewashawishi waende Bujumbura kuwaonyesha watu wa serikali mashine yao. Walifunga mashine kwa magodoro, wakapanda lori la mawese, wakapita Magara na Kabezi wakiwa wameishikilia kama mgonjwa. Ofisi waliyoelekezwa iliwangojesha. Mwishowe akatoka bwana mmoja kijana, mpole, aliyesoma Ulaya. Akawapa umeme, akatazama. Kulthumu alichora mashua na mawimbi.

"Nzuri sana," yule bwana alisema. "Na inatumika kwa nini?"

"Kuchora," Uledi alisema.

"Kuchora, tuko na kalamu na karatasi. Na mchoro wa kalamu unabaki." Hakusema kwa dharau. Aliuliza kweli. "Iko kazi gani ambayo mashine hii inafanya na kalamu haiwezi?"

Kulthumu alimwona mumewe akimtazama, akafungua mdomo, kisha akainamisha macho chini. Aliona haya kusema mbele ya watu kwamba ni kwa ajili ya kuongea na mkewe. Yule bwana akawashukuru, "murakoze cane," akawasindikiza mpaka mlangoni. 

Wakaishi hivyo hivyo. Watoto hawakupata. Uledi alirudia redio, mchana kinu kikisaga wakachora kidogo, na wakati mwingine ikapita miezi bila kugusa mpini.

Mwishoni mwa Aprili mwaka sabini na mbili, Kulthumu alikuwa anaanika dagaa alipohisi ardhi ikigonga nyayo zake. Aliinua macho, akaona watu wanakimbia na midomo iko wazi. Kwanza walikuja waasi wenye mapanga, waliosemekana wametoka ng'ambo ya ziwa, wakaua. Siku zilizofuata wakaja askari wa serikali, wakaua wao pia, na hao hawakuondoka upesi. Kinu kikanyamaza. Abdulhamid na watu wake walikuwa wamevuka ziwa. Mwalimu Mustafa aliitwa kwenye mkutano pamoja na wenzake, na hakuna aliyerudi. Mariyamu alikuwa Nyanza-Lac kwa binti yake, na barabara ilikuwa imefungwa.

Uledi alitaka wabaki. "Mimi fundi," alimwambia Kulthumu. "Sina kisa na mtu."

Askari waliingia asubuhi, baada ya chai. Mmoja aliyejua Kiswahili ndiye aliyeuliza. Kulthumu alisimama mahali alipoweza kuona midomo ya wote wawili.

"Hii iko nini?"

"Mashine ya kupimia redio, bwana."

"Na huu waya unakwenda wapi? Unaongea na nani ng'ambo?"

"Siongei na mtu wa ng'ambo," Uledi alisema.  "Naongea na mke wangu."

Askari alimgeukia Kulthumu, akamrudia Uledi. "Mke wako iko hapa mbele yako. Unataka waya ya kuongea naye?"

"Hasikii, bwana. Anachora kwenye kioo, mimi ninaona."

"Washa."

"Haiwaki. Umeme iko ya jirani, Abdulhamid, na kinu kimefungwa."

"Amekwenda wapi, Abdulhamid?"

Uledi hakujibu. Kulthumu akajua kwamba kimya kile kimekwisha kuwa jibu. Alikimbilia meza, akashika mpini, akauyumbisha mbele, nyuma, kulia, kushoto, akawaonyesha kioo kwa kidole. Tazameni, hivi. Kioo kilibaki cheusi. Alikuwa mwanamke anayetikisa kipande cha mti. Askari mmoja alicheka, mwingine akamsukuma pembeni, akapiga kioo kwa kitako cha bunduki. Mshindo wa kupasuka aliusikia kwa nyayo.

Walimfunga Uledi mikono nyuma kwa waya wake mwenyewe. Mlangoni aligeuka, akamwambia mkewe jambo. Mikono ingekuwa huru angelisema kwa mikono. Alisema kwa mdomo, na bega la askari lilikuwa katikati. Kulthumu aliona taya likicheza. Hakuona neno. Alisogea upande mmoja, akachelewa. Walikuwa wamekwisha kumgeuza kuelekea lori.

Alikwenda kuuliza alikoweza. Hakuna aliyekuwa na subira na mwanamke anayeuliza kwa vidole. Jirani yake aitwaye Sikujua alimshika mkono, akamwingiza kwenye mtumbwi wa wavuvi pamoja na watoto wake. Walifuata ufuo kwenda kusini, wakafika Kigoma wakiwa hai, na huo ndio wema wote wanaoweza kuusimulia.

Mariyamu alifika baadaye, amekonda, kovu limezama shavuni. Wakapewa chumba kimoja Ujiji. Jambo la kwanza aliloliuliza, akiwa ameushika uso wa Kulthumu kwa mikono miwili ili asomwe vizuri, lilikuwa hili: "Alisema nini? Mwanangu, mwisho, alisema nini?"

Kulthumu alitikisa kichwa. Akajaribu kueleza kwa mikono: bega, mdomo, sikuona. Mariyamu hakujua alama hata moja. Akajaribu kwa sauti, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na sauti ikatoka imepinda. Mariyamu akarudi nyuma kidogo.

Hakumwamini. Aliona kwamba Uledi ameacha neno, na mkewe amelificha liwe lake peke yake. Aliwaambia hivyo wanawake wa mtaani, na Kulthumu alimsoma midomoni akiyasema, tena na tena, kisimani na barazani. Hakumlaumu. Yeye mwenyewe alilala akilitafuta lile neno, akilirudisha lile taya kichwani, akilichezesha pole pole ili alisome. Lilikuwa linafifia. Mwaka wa pili hakuweza tena kusema kwa hakika kama Uledi alisema neno moja au mengi.

Walisuka mikeka, wakauza pamoja, wakala sahani moja. Mariyamu aliendelea kuuliza mpaka alipokufa.