Kengele ya Pili

Jumapili ya mwisho ya amani niliuza jogoo mmoja mara nne. Alikuwa mwekundu, mwembamba, sadaka ya Mama Tabu, na kila aliyemnunua alimrudisha mbele anadiwe tena, kama tunavyofanya makanisani kwetu Mbozi. Mnadi nilikuwa mimi. Mara ya nne Mzee Haonga, mwinjilisti wetu, akanivuta koti.

"Baba Neema, mwache huyo jogoo apumzike. Ameshachangia kuliko wewe."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana ilikuwa kweli.

Hatukuwa Mbozi, lakini. Tulikuwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, katika mji mdogo ambao sitautaja kwa sababu bado kuna watu wanaishi humo na wangependa kuendelea kuishi. Nilitoka kijiji cha Mpemba na mke wangu na binti yetu Neema tukifuata soko la kuuzia mchele wa kwetu, wa Msangano. Wengine wakatufuata. Baada ya miaka mitano tulikuwa watu thelathini na mmoja kutoka nyumbani, Wanyiha na Wanamwanga, na chumba cha matofali tulichokiita kanisa. Idadi naijua kwa sababu mimi ndiye mzee wa kanisa niliyehesabu waumini, mara ya kwanza nikiwa mlangoni, mara ya pili nikiwa mbele. Mke wangu alikuwa akisema nikifika mbinguni nitaomba kwanza kuhesabu malaika.

Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inia mtini, tukiigonga kwa kipande cha nondo. Kengele ya kwanza saa mbili asubuhi, ya pili saa tatu. Kama nyumbani.

Jumatano iliyofuata nilikuwa sokoni. Nikamwona askari wa serikali ananunua shati la kiraia. Muuzaji alimtajia bei ya wizi mtupu. Askari akatoa, akalivaa palepale juu ya gwanda, akaenda zake. Baada yake akaja mwingine, naye akalipa hivyohivyo.

Nikafunga duka langu la mchele. Mtu mwenye bunduki asiyekuwa na muda wa kupatana bei ameshakimbia, imebaki miguu tu kumfuata.

Nyumbani nilimkuta mke wangu peke yake. Neema, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alikuwa amempelekea uji Mama Haonga, mke wa mwinjilisti, aliyeugua malaria. Walikaa mlimani, nusu saa kwa mguu, pamoja na familia zetu nyingine tatu.

"Nikamchukue sasa?" nikauliza.

"Kula kwanza," mke wangu akasema.

Tukala. Ugali, dagaa, na mboga za majani. Huwa naukumbuka mlo ule wote, tonge kwa tonge, kwa sababu milio ya risasi ilianza kabla sijanawa mikono.

Mwanzoni ilikuwa mbali, kama mtu anapigilia mabati. Halafu ikawa barabarani kwetu.

Tukalala sakafuni.

Barabara ya mlimani ikafungwa siku hiyohiyo. Mzee Haonga alikuwa amekwenda kanisani kufagia, naye hakuweza kurudi kwake. Akabaki humo, akilala chini ya mabenchi.

Alhamisi walikuja nyumbani kwetu watu watatu wenye bunduki. Sikujua ni wa upande gani na sikuuliza. Aliyekuwa mbele alikuwa amevaa ndala za kike.

"Muko wangapi humu?"

"Wawili."

"Wawili tu?"

"Wawili."

Alizunguka chumba kwa macho. Akaona nguo ya shule ya Neema kwenye kamba. Akaishika pindo, akaitazama, kisha akanitazama mimi.

Nikatoa simu yangu kabla hajaomba. Nikatoa na ya mke wangu. Nikatoa saa. Nikaona bado anaishika ile nguo, nikavua viatu.

Wakachukua, wakaondoka.

Mke wangu hakulia. Alikwenda akaianua ile nguo, akaikunja, akaikalia.

Ijumaa na Jumamosi sina la kusimulia ila masikio. Tulijifunza kutofautisha risasi inayokwenda na inayokuja. Tulijifunza kukohoa ndani ya mto. Kila nilipofumba macho nilihesabu watu wetu, nyumba kwa nyumba, na kila nikifika mlimani hesabu ilinikatikia.

Jumamosi jioni nikasikia mtu anakwaruza ua. Alikuwa Rajabu, mtu wa Ujiji, mwenye boti ya mbao iliyokuwa inanivushia mchele.

"Mzee wa mchele. Kesho saa tatu natoka, mwalo wa chini, kule kwenye matete. Nawachukua nyie wote. Lakini sisubiri. Hii injini nikiizima, kuiwasha ni mpaka Mungu apende."

"Watu wangu wametawanyika, Rajabu."

"Wakusanye. Wewe si ndiye unayewahesabu?"

Hapo ndipo nilipopata akili. Mpaka leo naiita akili, sijapata jina jingine. Nilimwambia mke wangu nitapiga kengele. Kesho ni Jumapili, kengele ya kanisa siku ya Jumapili haina kosa, hata mwenye bunduki ataona watu wanakwenda kusali. Kanisa lipo katikati ya mlima na mwalo, na toka pale unaiona boti. Wakifika kanisani, wanashuka wote.

"Na wakija hao wenye bunduki je?" akauliza.

"Hao wana siku nne hawajui hata leo ni siku gani."

Alfajiri nikatambaa kwenye mihogo mpaka kanisani. Mzee Haonga alikuwa macho, ameshafunga tai. Nikamweleza mpango. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Piga, tumkabidhi Bwana."

Saa mbili kamili nikagonga ile rimu. Nikakosa pigo la kwanza. Nikagonga kwa muda niliozoea, nikaacha. Hakuna aliyefyatua risasi.

Wa karibu wakaja, maana walituona mlangoni tunawapungia. Walikuja kama wanakuja ibadani, Mungu wangu. Mama Tabu alibeba kuku. Wanakwaya wawili walivaa sare. Walidhani amani imerudi, maana nani anapiga kengele vitani? Tukawaelekeza chini mmoja mmoja, na mimi na Mzee tukashuka nyuma yao. Nondo bado ilikuwa mkononi mwangu, nilisahau kuiacha.

Mwaloni nikahesabu. Kumi na tisa, pamoja nami, mke wangu na Mzee Haonga. Nikahesabu tena toka upande wa pili. Kumi na tisa.

Kutoka mlimani hakuja hata mmoja.

Tukangoja. Jua likapanda. Rajabu alikuwa ameshawasha injini, moshi unatambaa juu ya maji.

"Mzee, hesabu watu wako upesi. Mimi huku nahesabu risasi."

Ndipo mke wangu akanigeukia. Alisema polepole, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Baba Neema. Ulipiga ya kwanza tu."

"Ndiyo."

"Ya kwanza ni ya kuoga."

Nilimwelewa. Tangu niko mtoto Mbozi sijaona Mkristo anayetoka nyumbani kwa kengele ya kwanza. Ya kwanza unachota maji, unawapaka watoto mafuta, unatafuta kitambaa. Ya pili ndiyo ya kutembea. Kule mlimani watu kumi na wawili, na Neema ndani yao, walikuwa wameisikia vizuri sana. Walikuwa wamevaa, wamekaa, wananisubiri mimi.

"Lazima ipigwe ya pili," mke wangu akasema.

Kutoka barabarani tukasikia gari. Halafu jingine. Yalikuwa yanapanda kuelekea kanisani.

Wote tukageukia juu.

Mzee Haonga akavua koti lake, akampa Mama Tabu amshikie. Akasema, "Kengele ni kazi ya mwinjilisti. Baba Neema anaijua hesabu, abaki ahesabu." Akachukua nondo, akapanda. Alikuwa na miaka sitini na kitu, na alipanda kile kilima kwa mwendo wake wa siku zote, bila kukimbia.

Kengele ikalia.

Ilichukua muda mrefu kuliko kawaida. Nilijua kwa nini. Alitaka wafike mbali kabla hajaacha.

Kisha risasi, tatu, moja moja.

Kengele ikanyamaza.

Kwa kuwa barabara ilifungwa walishuka kwa njia ya mtoni, wakaiona boti toka huko, wakatokea kwenye matete upande wa juu, wanakimbia. Nikawahesabu wakiwa bado wanakuja. Neema alikuwa amemshika Mama Haonga kwapani, wanakokotana. Alivaa gauni lake la Jumapili. Nywele zake zilikuwa bado mbichi kwa maji ya kuoga.

Kumi na wawili. Nikarudia. Kumi na wawili.

"Mzee yuko wapi?" Mama Haonga akauliza, akiwa ameshaingizwa botini. Aliona koti mikononi mwa Mama Tabu. Hakuuliza tena.

Rajabu akasukuma boti. Tulifika Kasanga, upande wetu wa ziwa, tukiwa thelathini.

Matanga tuliyakalia Mpemba, nyumbani kwa mdogo wake marehemu, bila mwili. Siku ya tatu wazee wa ukoo wakataka kuanua, maana mvua zilikuwa zimeanza na watu wana mashamba. Mama Haonga akakataa. Malaria ilikuwa imemwacha mifupa mitupu, lakini sauti ilikuwepo.

"Hamwanui mpaka Baba Neema asimame aseme. Yeye ndiye aliyekuwa naye."

Nikasimama. Nikasema yote niliyoyaandika hapa: shati la askari, kengele moja, magari. Nilisema wazi kwamba kosa la kengele ni langu. Wanawake walikuwa wanalia, yeye hakulia.

"Alipoondoka, ulimwambia asiende?"

"Sikumwambia, mama."

"Ulimwambia utakwenda wewe?"

"Hapana."

Mdogo wake marehemu akainua kichwa kunitazama. Mama Haonga akampungia mkono atulie.

"Mimi nataka jambo moja tu. Alitumwa, au alikwenda mwenyewe?"

"Alikwenda mwenyewe."

Mama Haonga akasema, "Basi anueni," akaomba maji ya kunywa.

Miaka imepita. Neema ameolewa Vwawa, ana watoto wawili, na Mama Haonga ndiye aliyempeleka madhabahuni upande wa kike. Kanisani wananiomba nirudi kwenye uzee wa kanisa, nawaambia macho hayaoni vizuri. Macho yangu hayana shida.

Nilimjibu yule mama kweli, na watu walionisikia walisema nimekuwa muungwana. Lakini Mzee Haonga hakuiokota ile nondo chini. Aliponyoosha mkono, nilikuwa nimeishika mimi. Mimi ambaye naweza kubishania fungu la nyanya hadi muuzaji aondoke, ningeweza kusema hata neno moja, ningeweza hata kuikaza kidogo mkononi ili mtu aone nimeikaza.

Nilimpa haraka. Nilimpa kabla mkono wake haujafika.

Hilo sikuulizwa siku ile, na sikulisema.