Bi Glavu na Nakala Zisizo na Mkia

Pale maabara hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Bi Glavu, na jina hilo alilitolea jasho. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kutoa RNA kwenye seli, na hiyo RNA, nakwambia, ni kitu cha kudeka kupita kiasi. Kila seli ina kitabu chake kikubwa cha DNA, kitabu kisichoazimwa. Seli ikitaka kutengeneza kitu, inanakili ukurasa mmoja tu, na nakala hiyo ndiyo RNA. Sasa gusa kichupa chake kwa kidole kitupu. Kwenye ngozi yako kuna vimeng'enya vinavyoikatakata, na punde si punde huna RNA tena, una maji ya kumwaga.

Basi Bi Glavu alikuwa na sheria. Mezani kwake hapigi mtu chafya, hajikuni mtu, haegemei mtu. Profesa mwenyewe, mkuu wa maabara, mwanamke mwenye vyeti vya kujaza ukuta, aliwahi kurudishwa mlangoni kwa sababu alikuwa anatafuna karanga. Alirudi kunawa bila kubisha. Nyumbani ndiyo usiseme: mumewe alishazoea kuoneshwa sinki kabla hajajibiwa salamu.

Halafu akaja Daktari. Si daktari wa sindano, ni daktari wa kusomea, kijana nadhifu, suruali imenyooshwa mpaka ungeweza kukatia kitunguu. Miaka sita mizima alikuwa amesoma seli za ini la binadamu, na hapo kwetu alikuja kuchunguza bakteria wa kwenye vidonda, wale sugu wasiosikia dawa. Alitaka kujua wakikutana na dawa wananakili jeni zipi. Alikuja na boksi lake mwenyewe la vifaa, na ndani yake shanga za sumaku ndogo kama vumbi. Akampa Bi Glavu maagizo: toa RNA yote kwanza, kisha ipitishe kwenye shanga, zitanasa zile nakala zenye ujumbe na takataka nyingine zitapita.

Bi Glavu alifuata maagizo hayo neno kwa neno. Shanga zikatoka, mashine ya kupimia ikasoma sifuri. Akarudia, sifuri. Mara ya tatu alifanya huku anashikilia pumzi, na bado sifuri.

Siku hiyo, saa nne, kwenye chumba cha chai, watu kumi na mmoja wameshika vikombe, Daktari akasema bila kupepesa macho, "Mama, hii ni mikono. Kuna mahali unagusa."

Kama angemwambia ameiba, angalau Bi Glavu angejua pa kuanzia kujitetea. Mikono! Alitoka pale akajifungia stoo, akakaa juu ya katoni akalia kwa hasira, na hasira ya kulia ndiyo inayouma zaidi. Alasiri yake akasikia kwamba Daktari ameandika kwa Profesa akitaka yeye Bi Glavu apewe barua ya onyo. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huohuo, na mwenye barua ya onyo haongezewi mkataba. Shauri lingeamuliwa Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Nyumbani hakula. Alikaa sebuleni kama mzigo uliosahauliwa, na mbele yake maisha ya nyumba ile yakaendelea bila huruma. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa amebandika sikio ukutani na simu kwenye sikio la pili. Jirani alikuwa anafoka, na wifi alikuwa anamrushia shoga yake kila neno linavyotoka. Jirani hajamaliza sentensi, huku simuni imeshafika. "Anasema leo anamuua," wifi akanong'ona, "ndiyo, leoleo, kachoka naye." Kule upande wa pili shoga alishaanza kuwaita watu. Ndipo jirani akamalizia kwamba panya huyo ameshamlia sabuni mbili. Wifi hakuona haya hata kidogo. Alisema taarifa za panya ataziongeza.

Mama mkwe naye alikuwa amesikia yaleyale, lakini mama mkwe si wa papo kwa papo. Yeye akipata jambo huingia nalo chumbani na kufunga mlango. Humo ndani hulichambua: hiki akitupe, hiki akiunganishe na kile, hapa pana matusi hapafai. Akitoka, habari imeshavikwa kofia, kwamba poleni na kazi wanangu, nina jambo dogo, na nyuma imefungwa mkia mrefu, kwamba aliyeniambia si mwongo, lakini msimwambie mtu, na mkimwambia msinitaje, mimi niko zangu nimelala. Habari yenyewe katikati ilikuwa maneno manne. Mkia ulichukua robo saa, na wakati mwingine habari yake ilizunguka mtaani mwezi mzima kwa nguvu ya mkia tu.

Bi Glavu akamkodolea macho mama mkwe wake. Mkia.

Akainuka kama aliyekalia siafu, akavuta mkoba. Ile karatasi ndogo inayokuja ndani ya boksi, ambayo wasomi huitupa bila kuifungua, yeye alikuwa nayo, kwa sababu hakuwahi kutupa hata moja. Akaisoma kwa kidole. Ilisema wazi: shanga hizi hunasa RNA kwa kuushika mkia wake mrefu. Na yeye chumba chake cha kazi kilipakana na ukumbi wa Profesa wa kufundishia kwa ukuta wa mbao, kwa hiyo somo la kwanza la kila mwaka, la seli zenye kiini na zisizo nacho, alikuwa amelisikia mara ishirini na mbili. Alicheka peke yake mpaka mumewe akachungulia.

Alhamisi asubuhi alichota hamira jikoni, kijiko kimoja. Wifi akauliza mkate utaumuka na nini, lakini yeye alishashika njia ya maabara. Siku nzima alifanya kazi mbili bega kwa bega, hamira huku na bakteria wa Daktari kule, shanga zilezile, meza ileile, mikono ileile. Jioni akachapa majibu, akayaweka kwenye bahasha.

Ijumaa ofisini kwa Profesa walikuwa watatu tu. Daktari alianza, akaongea vizuri kwa kweli, akataja viwango vya kimataifa. Bi Glavu akasubiri amalize, kisha akaisukuma bahasha. Profesa akasoma. Hamira kupita kwenye shanga: RNA tele. Bakteria kabla ya shanga: RNA tele, nzima, haijakatika popote. Bakteria baada ya shanga: sifuri.

"Hamira?" Daktari akauliza, kama mtu aliyetukanwa.

Profesa alimgeukia Bi Glavu akamwambia aeleze mwenyewe, kwa maneno yake.

"Seli ya ini ni mama mkwe wangu," alisema. "Ana chumba chenye mlango, kile kiini. Akinakili jambo halitoki hivihivi. Anakata yasiyotakiwa, anaunganisha yanayobaki, mbele anavika kofia, nyuma anafunga mkia, ndiyo anafungua mlango. Hamira nayo, ambayo ni seli hai, ni hivyohivyo, ni ndogo lakini ina chumba. Bakteria ni wifi yangu. Hana chumba, hana mlango. Nakala haijaisha kutoka, huku watengeneza protini wameshaidaka na kazi imeanza. Huo mkia mrefu ataufunga saa ngapi? Daktari alinipa shanga za kukamata mkia, nikamkamatie mtu asiye nao."

Profesa alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena, mabega yanacheka. Daktari alikuwa anaangalia ile karatasi ndogo ya boksi, ambayo Bi Glavu aliiweka mezani imefunguliwa mahali penyewe. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba miaka sita kila seli aliyoigusa ilikuwa na mkia, hakuwahi hata kujiuliza. Alisema kweli, na kumwonea huruma ilikuwa rahisi, ila Bi Glavu hakuwa tayari bado.

Profesa akaichana ile barua ya Daktari, akasema mkataba utasainiwa Jumatatu, yameisha.

"Hayajaisha," Bi Glavu akasema. "Sikusemwa humu ofisini, Profesa. Nilisemwa kwenye chai."

Daktari akainuka mwenyewe, akawafungulia mlango.

Ilikuwa saa nne na dakika tano, watu walewale, vikombe vilevile. Daktari alisimama karibu na birika bila kujua mikono aiweke wapi. "Juzi nilisema hapa kwamba ni mikono ya mama," akasema. "Mikono ya mama ilikuwa safi. Kosa lilikuwa langu."

Bi Glavu alikuwa amejiandalia majibu matatu, yote makali, na moja lilimgusa Daktari mpaka kwenye suruali yake ile. Alifungua kinywa atoe la kwanza. Badala yake akavuta kiti, akakaa, akalia mbele ya watu wote kumi na mmoja, na safari hii hakutafuta stoo.