Fainali ya Siku ya Thelathini

Katika softboli anayebeba timu ni mmoja, yule anayerusha mpira. Mwalimu mgeni aliyeuleta mchezo huo chuoni kwetu, chuo cha ualimu nje kidogo ya Bagamoyo, aliporudi kwao alituachia glavu, magongo na kijitabu cha mchezo kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa mtunza stoo ya michezo. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kamusi, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na hamu ya kijitabu kile, Mkuu wa Chuo alinikabidhi timu ya wasichana.

Jambo moja nililishika mapema: mrushaji hatumiwi mpaka aishe. Anapumzishwa akiwa bado na nguvu, mwenzake anaingia. Nilikuwa na warushaji watatu. Aliyewazidi wote alitoka katika nyumba ya wafanyabiashara wa mji mkongwe. Wa pili alikuwa wa Zinga. Wa tatu, Mkristo wa Miono, alirusha polepole lakini hakukosea.

Mashindano ya vyuo yaliangukia mwisho wa Ramadhani. Nikapanga wale wawili wanaofunga warushe asubuhi, daku ikiwa bado tumboni. Mechi za mchana ziwe za binti wa Miono. Mimi pia nilikuwa nafunga. Saa nane ya mchana nilijua ilivyo.

Ruhusa ya mrushaji wangu bora niliifuata kwa baba yake, barazani kwake. Suruali aliikubali, mashabiki aliwakubali. Sharti lake lilikuwa moja.

"Akifungua mchana kwa ajili ya mpira, harudi chuoni."

Nikampa ahadi. Binti alikuwa amebakiza mitihani ya mwisho tu awe mwalimu, na katika ukoo wao hakuna mwanamke aliyewahi kufika hapo.

Fainali Mkuu aliipanga mchana wa Idi, kwa kufuata kalenda iliyotundikwa ofisini mwake. Nilimweleza kwamba Idi inafuata mwezi, na kalenda inakisia tu. Nikaomba mechi iwe asubuhi. Alijibu kwamba mgeni rasmi anatoka Dar es Salaam na hawezi kufika kabla ya saa saba, na kwamba yeye haendeshi chuo kwa kutazama mawingu.

Jioni ya kuamkia fainali mawingu ya vuli yalifunika anga yote. Redio nayo ikatangaza kwamba mwezi haukuandama popote. Kesho yake ikawa siku ya thelathini ya mfungo.

Nikabadilisha mpango. Binti wa Zinga mkono ulikuwa umevimba tangu nusu fainali. Nikaamua wa Miono aanze, na yule bora nimwingize zamu ya mwisho tu.

"Zamu moja naiweza, mwalimu," aliniambia. Waliniita mwalimu, ingawa sikuwa.

Wa Miono alirusha vizuri, tukawa tunaongoza. Ndipo Mkuu akainuka kwenye kiti chake kando ya mgeni, akaja kuniambia kwamba mgeni amekuja kumwona yule mwingine. Nilimwambia wakati wake bado. Alimwita mwenyewe, kwa kidole.

Zamu mbili za kwanza alirusha kama tulivyomzoea. Ya tatu mpira ukaanza kudunda kabla ya kumfikia mpigaji, na mashabiki wa wapinzani wakaona.

"Mleteeni uji huyo!"

"Vumilia dada, adhana bado!"

Hata wa kwetu walicheka. Mkuu akasimamisha mchezo, akaingia uwanjani na kikombe cha maji. Nikamfuata. Nikamwambia hafungui, nimemwahidi baba yake. Apumzike, wa Miono amalizie.

"Chuo hiki ni cha baba yake?" Mkuu aliuliza. Kisha akamgeukia binti, bila kupandisha sauti. "Kunywa umalize mchezo. Ukitoka uwanjani, umetoka na chuoni."

Binti alinitazama, akamtazama Mkuu. Akawapa watu mgongo, akachutama kama tulivyofundishwa sote utotoni kwamba maji hayanywewi wima, akanywa. Akamaliza mchezo. Tulishinda.

Habari ilimfikia baba yake kabla ya futari. Asubuhi ya Idi alikuja chuoni amevaa kanzu ya sikukuu.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Idi mubarak."

Binti alimwambia, "Baba, siku hii nitailipa."

"Siku utailipa. Ahadi niliyopewa mimi atailipa nani?"

Alimsemesha binti yake, lakini mimi ndiye niliyesimama karibu. Sanduku wakalishika pamoja, huku na huku, wakaondoka.

Nilimwomba Mkuu twende wote mjini, aseme yeye mwenyewe kwamba amri ilikuwa yake. Alikuwa analitafutia kombe nafasi kabatini. Alisema chuo hakiingilii mambo ya familia. Nikaenda peke yangu. Nilipokewa kwa kahawa na halua, nikaambiwa binti yuko Pangani kwa shangazi yake. Mitihani ikapita.

Siku ya mahafali Mkuu alilitoa kombe kabatini kwa ajili ya picha.

"Yule mrushaji wetu yuko wapi?" aliniuliza. "Aje alishike."

Nikamwambia yuko Pangani.

"Pangani? Anafanya nini huko?"

Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa amesahau. Akamwita binti wa Miono alishike yeye. Binti alikuja, akasimama pale alipoelekezwa, akaiweka mikono yake nyuma. Mpiga picha alingoja, kisha akachoka kungoja. Ndiyo maana katika picha ile kombe amelishika Mkuu.